Migebuka ya mawese Kibirizi, Kigoma: msosi mtamu, bei imezidi kwa jero (shilingi 500), na hiyo jero inaenda wapi

Habari zenu wakuu. Kila mara kuna mtu anauliza ukishuka Kigoma ule wapi chakula cha maana, hasa wale wanaokuja kufuata dagaa au wanaosubiri boti za Gombe na za vijiji vya mwambao. Mimi nanunua dagaa Kibirizi napeleka Tabora, kwa hiyo nimekula karibu kila banda pale mwaloni, yani ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, na leo naandika kuhusu banda moja tu kwa urefu kidogo maana lina mambo mawili, lina chakula na lina jambo la watoto, na nimejaribu kuyaandika mbalimbali nikaona haiwezekani, ukisema bei umeshasema watoto.

Mahali kwanza. Ukiwa Mwanga chukua bajaji au bodaboda mwambie Kibirizi, ukitokea stesheni ya treni pia si mbali. Halina kibao, ni banda la mabati lililopakwa bluu upande wa barabara, mbele kuna mwembe na chini ya mwembe benchi mbili ndefu, ukimuuliza yeyote mama wa migebuka yuko wapi utaonyeshwa kidole. Jina la mama silitaji kwasababu hajaniambia nimtaje, sisi wote tunamwita mama tu.

Sasa msosi. Kama hujawahi kula mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) wa mawese hapa ndo pa kuanzia. Samaki ni wa usiku huo huo, unamkuta macho bado yanang'aa kwenye beseni, mama anampitisha kwanza kwenye mawese ya moto mpaka ngozi inashika, anamtoa, alafu kwenye sufuria ile ile anaunga kitunguu na nyanya, samaki anarudi, juu anaweka pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa ili ukitaka harufu tu upate harufu na ukitaka moto uipasue mwenyewe. Mawese yake hayakeri kooni, maana kuna sehemu unakula mawese yaliyoungua unashinda na kiungulia mpaka jioni. Ugali wa muhogo ni mlaini, hauna mchanga (wanaoijua Kigoma wanaelewa kwanini nasema mchanga), na wa mahindi upo kwa wasiozoea muhogo. Sombe yake, yani kisamvu, imetwangwa kweli kweli, haijakatwa katwa na kisu. Dagaa wabichi wa kukaanga na ndimu wanakuwepo asubuhi mpaka kama saa 5, baada ya hapo usisumbuke kuuliza.

Wali usile. Nasema kwa upendo, wali pale sio mahali pake, unatoka bokoboko au unatoka mbichi, na nyama ni ya kubahatisha. Chai ya asubuhi ni nzuri ila chapati zinaletwa na mtu mwingine na zinafika zimepoa.

Bei: mgebuka na ugali na sombe kidogo pembeni ni 4,500. Majirani wote pale sahani hiyo hiyo ni 4,000. Na hapa ndo maneno yanapoanzia, maana kila mgeni akija lazima aulize mbona kwako jero zaidi mama, na mimi pia niliuliza, na mama anajibu bila kukasirika, anaonyesha kwa kijiko kule nyuma kwenye karo ambako wapo wadada wawili wanaosha vyombo, watu wazima, mmoja ana mtoto mgongoni. Anasema, "Hiyo jero ndio hao."

Kwa ambao hawajawahi kukaa mwaloni niwaeleze. Kwenye mabanda mengi anayeosha vyombo ni mtoto. Sisemi kijana wa miaka 17 anayetafuta nauli, nasema mtoto wa miaka 9, 10, 11, ambaye mikono yake ndani ya maji ya sabuni inakuwa myeupe na imekunjamana, na anayebeba ndoo ya maji kutoka bombani au ziwani kichwani mpaka shingo inaingia ndani. Analipwa 1,000 kwa siku, siku nzuri 1,500, pamoja na chakula kilichobaki. Mtu mzima kwa kazi ile ile hawezi kukubali chini ya 8,000, na hiyo 8,000 ndo mama anawalipa wale wadada, kila mmoja, jioni kabla ya kufunga, mkononi.

Nikapiga hesabu pale pale mezani nikisubiri chakula. Watu wazima wawili ni 16,000. Watoto wawili ni 2,000. Tofauti 14,000 kwa siku. Mama anasema siku ya kawaida anauza kama sahani 50, kwa hiyo ukigawanya inakuja 280 kwa kila sahani. Ile 220 iliyobaki kwenye jero, nyingine inamlipa kaka mwenye mkokoteni anayeleta maji na nyingine ni faida yake mwenyewe na sioni ubaya wowote, kapanda bei kafanya biashara safi. Ninachotaka watu waone ni kwamba ile sahani ya 4,000 ya jirani sio rahisi kwasababu jirani ni mkarimu kuliko huyu. Kuna mtu amelipa hiyo 280 kwa niaba yako na ana miaka kumi.

Najua jibu linalokuja, nimelisikia sana na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, kwamba ukimtoa mtoto kwenye karo familia yake inalala njaa, sisi maskini hatuna anasa hiyo ya kusema mtoto asifanye kazi. Jibu hilo halitoki hewani, njaa ipo, naiona. Lakini angalieni kitu kimoja. Yule dada mwenye mtoto mgongoni, binti yake mkubwa ndiye alikuwa anaosha vyombo banda la tatu kutoka hapo. Yani kazi ilikuwepo, sahani zilikuwepo, nyumba ni ile ile moja, ila ile nyumba ilikuwa inaingiza 1,000 kupitia mtoto, sasa inaingiza 8,000 kupitia mama na mtoto yuko darasa la nne. Wanaosema mtoto akiacha kazi familia itakufa njaa wanasahau kwamba kazi yenyewe haijaondoka, vyombo havijioshi, kinachobadilika ni nani anaitwa na kwa bei gani. Mtoto anaitwa kwasababu hawezi kubishana bei. Na akishaitwa yeye, mama yake anayetafuta kazi hiyo hiyo anaambiwa nafasi hakuna.

Kuna siku nilikuwa nakula pale akapita kijana mdogo na ndoo nyeupe ya mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye mfuko, chumvi na pilipili kwenye kikopo cha Blue Band. Ilikuwa Jumanne, kama saa 4 asubuhi. Kaka mmoja aliyekaa benchi ya pili, mgeni, anaonekana mtu wa ofisi, akamuita. Mama akatoka jikoni.

"Mwanangu, leo siku gani?"

Mtoto, "Jumanne."

"Shule zimefungwa?"

Mtoto akaangalia ndoo. Yule kaka akaingilia, akasema, "Mama mwache kijana apambane, mimi mwenyewe nimekua hivi hivi, nimeuza karanga stendi na leo namshukuru Mungu nina gari."

Mama akamwambia taratibu kabisa, "Hongera baba. Na wale uliokuwa unauza nao karanga, wako wapi?"

Yule kaka akafikiria kweli, hakuchukulia kama matusi. Akasema mmoja yuko ziwani, mmoja alifariki, wengine hajui. Halafu akafanya kitu ambacho wengi wetu tungefanya, akatoa hela akataka kununua mayai yote ili mtoto aende shule.

Mama akakataa asinunue. Mimi nilishangaa nikaona ni roho mbaya, mpaka alipomuuliza mtoto mayai ni ya nani. Si ya kwao. Ni ya mwenye duka fulani, anampa asubuhi yamehesabiwa, jioni anahesabu hela, na mtoto anapata shilingi 50 kwa kila yai. Yai likipasuka linakatwa kwenye hela yake. Na kweli nilivyoangalia ndani ya ndoo kulikuwa na yai lililopasuka ubavuni na yule mtoto alikuwa kaligeuza, ufa unaangalia chini, kalizungushia mazima ili asije akalichagua mteja akalikataa. Sasa mama akamwambia yule kaka, ukimaliza hii ndoo leo saa 4, huyo mwenye mayai kesho atampa ndoo mbili, maana ameona mtoto anauza. Huruma yako inaenda kwa mwenye mayai.

Hilo nimelifikiria sana. Sisi tunaona mtoto anauza karanga, maji, mifuko, ndizi, tunasema anajitafutia daftari, tunanunua tukiamini tumesaidia, na mara nyingi nyuma yake kuna mtu mzima anayejua vizuri kabisa kwamba sura ya mtoto inauza kuliko ya kwake.

Mama hakumfukuza. Alimpa kiti na uji, akamtuma yule kaka wa mkokoteni aende na mtoto mpaka kwao. Nilikuja kusikia baadaye kwamba anaishi na bibi yake, baba ni mvuvi kavuka upande wa Kongo hajarudi muda mrefu, mama yake kaenda mji mwingine kutafuta kazi za ndani. Bibi anaanika dagaa za watu. Sare mtoto anayo, daftari anazo, kilichomshinda ni mchango wa chakula cha shule, akaona aibu kukaa pembeni wenzake wakila makande, akaacha kwenda. Mwenyekiti wa mtaa akahusishwa, mwalimu akahusishwa, mtoto akarudi darasani. Ila nisiwadanganye kwamba imeisha hivyo, maana wakati wa giza anapotea tena.

Giza ni nini kwa wasiojua. Dagaa huku wanavuliwa usiku kwa taa, samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, dagaa wanasambaa, mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa, mji unakuwa kimya na hela inakuwa ngumu. Mwezi ukififia ndo giza linaingia, hapo kila mtu ziwani, na alfajiri mitumbwi inarudi imejaa, mzigo lazima uanikwe kabla jua halijachomoza vizuri, la sivyo unaanza kuharibika. Mikono inatakiwa mingi na inatakiwa saa 12 asubuhi. Akina mama waliochukua mzigo wanaamsha kila mtoto aliyeko ndani, anamwaga, anatandaza, anageuza, mchana anakusanya, anachambua mchanga na vijiti. Mwalimu mmoja anayekula pale mchana alisema yeye akifungua daftari la mahudhurio anajua mwezi uko wapi bila kutoka nje kuangalia. Hakuwa anatania, alikuwa amechoka. Mtoto anakosa siku kadhaa, anarudi darasa limeshafika mbali, anakaa nyuma, giza linakuja tena. Mpaka anafika la saba kusoma anababaisha, na watu wanasema huyu kichwa kigumu.

Sisi wanunuzi wa dagaa tunahusika hapa moja kwa moja. Dagaa aliyeanikwa chini kwenye mchanga anahitaji mikono mingi, kugeuza na kuchambua, na mikono mingi ya bei rahisi ni ya watoto. Aliyeanikwa kwenye kichanja cha wavu, hewa inapita juu na chini, anakauka upesi, hana mchanga, na mama mmoja na mwenzake wanamudu mzigo wao. Kichanja ni mbao na wavu, kinahitaji mtaji, na anayekijenga anategemea mnunuzi amlipe zaidi kwa dagaa safi. Tukifika tukasema wa kichanja na wa mchanga bei moja, tumemwambia usijenge. Mimi sasa naongeza kwa kilo kwa wa kichanja na wateja wangu Tabora wanalipa, hawalalamiki, maana wamechoka kutafuna mchanga. Wanunuzi wenzangu mnaosoma hapa, hili liko ndani ya uwezo wetu kabisa, hatusubiri mradi wa mtu.

Na huko Tabora nako msidhani ni tofauti sana. Ukienda Urambo, Kaliua, Sikonge wakati wa tumbaku, utakuta watoto wanachuma majani asubuhi yakiwa na umande, wanafunga kwenye vijiti, wanabeba mpaka kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku), na nikotini ya jani bichi lenye unyevu inapita kwenye ngozi, mtoto anatapika, anaumwa kichwa, kizunguzungu, nyumbani wanasema kashikwa na malaria. Mwili mdogo, sumu ile ile ya mtu mzima. Nalitaja tu kwasababu kuna watu wa Tabora wakija Kigoma wanawasema Waha hawathamini shule, na Kigoma nako wanawasema Wanyamwezi hivyo hivyo, wakati kinachowatoa watoto darasani pande zote mbili ni msimu wa mazao na bei ya mnunuzi.

Sheria ipo tena iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kazi nyepesi ni kuanzia miaka 14 na iwe kazi isiyomuumiza wala kumkosesha shule, na kazi ya usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni marufuku. Na kitu ambacho wengi hatukijui, sheria hiyo hiyo inasema mwanajamii yeyote akiwa na taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Wajibu, sio hisani. Pia kuna namba 116, ni bure mtandao wowote, ni ya watoto, unapiga unaeleza. Kuanzia 2016 elimu ya msingi mpaka kidato cha nne ni bila ada, na hilo limeingiza watoto wengi darasani, nalisema kwa moyo mmoja. Ila chakula cha shule kwa shule nyingi bado kinategemea mchango wa mzazi, debe la mahindi, kilo za maharage, na mtoto anayetoka nyumba ambayo haina debe la mahindi ndiye huyo huyo aliyekuja bila kula asubuhi. TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kuna kaya zinapata ruzuku na wanaopata wanaambiwa mtoto aende shule na kliniki, inasaidia, nimeona bibi mmoja kanunua kuku watano na mbuzi kupitia hiyo, lakini ni pesa ndogo na kwenye mtaa wenye nyumba nyingi maskini orodha haitoshi kila mtu.

Kwa hiyo ule mchango wa chakula. Mama wa migebuka na wateja wake wa kudumu wana ndoo ya plastiki yenye mfuniko pembeni ya mlango, mtu akipata chenji anaweza kutia, mwisho wa mwezi inafunguliwa mbele ya watu wawili watatu na kununuliwa mahindi na maharage yanapelekwa shule ya jirani, kwa shule, sio kwa mtoto mmoja mmoja. Niliuliza kwanini asiwape wale watoto anaowajua. Akasema ukimlipia fulani peke yake wenzake watamwita ombaomba, mahindi yakiingia stoo ya shule hakuna anayejua ni ya nani na wote wanakula. Ndoo haijaandikwa kitu, ukitaka kujua lazima uulize. Mimi naipenda hivyo, sijaona picha ya mtu anakabidhi gunia huku mtoto kashikishwa kona ya gunia.

Sasa niseme na mabaya, maana nikisifu tu mtadhani ni ndugu yangu. Moja, mama ana mdomo. Wiki za giza akiwa amechoka anafoka, nilimwona anamfukuza mtoto aliyekuja kuomba maji ya kunywa tu, akidhani amekuja kuuza, na hapo sikukubaliana naye nikamwambia. Alimrudisha akampa maji, lakini mtoto alishaogopa. Watoto wa mwaloni wamefukuzwa kila mahali, hawahitaji sehemu moja zaidi, na mtu mwenye nia nzuri namna ile anatakiwa awe mwangalifu kuliko wengine.

Mbili, kusubiri. Saa 7 mpaka saa 8 mchana pale ni vurugu, wadada wawili hawatoshi, sahani zinaisha, unakaa nusu saa unanusa tu. Anahitaji mtu wa tatu na yeye anajua, anasema sahani zikifika 65 kwa siku atamleta. Kama una haraka ya boti fika kabla ya saa 6.

Choo kiko nyuma, ni safi asubuhi, mchana sio. Maji ya kunawa yapo na sabuni ipo siku zote, hilo nampa hongera. Lipa namba anayo ila mtandao pale ziwani unayumba, beba keshi. Viti vya plastiki vingine vimefungwa na waya, angalia kabla hujakaa kama una mwili. Hakopeshi, usimjaribu.

Kingine kwa wanaokuja na magari ya kampuni na maofisi, na wale wa semina. Mnakuja Kigoma kwa mikutano ya mambo ya watoto, mnaagiza chakula cha watu arobaini kwa kupatana bei mpaka mwisho, na mnakipata kwa yule aliyeshusha zaidi. Muulizeni mpishi nani anaosha hivyo vyombo. Swali moja tu, kabla ya kusaini risiti. Nimeona kwa macho yangu, sitaji ni nani, chakula cha mkutano wa namna hiyo kimebebwa na watoto wawili, beseni kichwani, wameacha mlangoni wakaambiwa warudi na vyombo saa 10.

Nyota nampa nne kati ya tano. Migebuka na sombe vinastahili tano zote, ile moja nimeikata kwa ajili ya kusubiri na choo, na wali.

La mwisho kuhusu muda wa kwenda. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ili samaki wazaliane, kwa hiyo miezi kama hiyo ukija usitegemee mgebuka mbichi, anapika maharage ya mawese, sombe, kuku wa kienyeji akipatikana, na mayai. Wengi wanaacha kwenda wakisikia hakuna samaki. Ikifungwa, sahani zinashuka mpaka kama 20 na wale wadada wawili wanapokezana, leo huyu kesho yule, kila mmoja anapata nusu, na hapo ndo yule binti wa darasa la nne anaanza kuangaliwa na mwenye banda la tatu. Maharage yake ni matamu, yanaungwa na kitunguu kingi, sahani ni 2,500 na ugali. Mimi miezi hiyo nakula pale hata nikiwa nimeshiba, na nikiwa na wageni nawapeleka hapo hapo.